Pumzi ya Kanda ya Tatu

Benchi lililo nje ya duka langu la ushonaji, hapa Kisii mjini, nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri kupimwa. Wateja hawalikalii. Wanaolikalia ni wanaume wawili wasio na nguo ya kushonesha. Mmoja ni mwalimu mstaafu anayekuja kutoka Masimba karibu kila Jumapili, gazeti kwapani, viatu vinang'aa kana kwamba anakwenda kukaguliwa. Wa pili ni jirani yangu, fundi wa redio, ambaye siku hizi haletewi redio tena, kwa hiyo anawatilia watu nyimbo kwenye flashi. Wamebishana hapo miaka mingi hata nimeacha kuwakaribisha, na kuwafukuza pia nimeacha.

Ubishi wao ni mmoja tu: kwaya ya kanisa letu ilikuwa bora zaidi wakati gani.

Mtu wa kwingine anaweza kucheka. Lakini huku kwetu kwaya ina mashabiki kama timu ya mpira. Watu wanajua ni nani aliimba besi katika kanda gani, nani aliolewa Nakuru akaondoka na alto yake, na ni mwaka gani kinanda kilianza kuwafunika waimbaji. Kwaya yetu ilitoa kanda tano, na kila kanda ilikuwa na watu wake. Mwalimu ni wa kanda ya kwanza. Kwake yeye kwaya ni wale wazee wanne wa besi, bila kinanda, bila gitaa, basi. Wawili wamekufa, mmoja alihamia Transmara, wa nne hasikii vizuri tena, na baada ya kila msiba mwalimu huja hapa benchini kutangaza kwamba kwaya imekwisha. Fundi ni wa kanda ya tatu. Habari za besi hataki hata kuzisikia. Yeye anataka ile sauti ya kike inayoongoza, hasa katika wimbo wa pili, na hasa hasa mahali pamoja ndani ya wimbo huo.

"Sikiza hapo," husema, akiongeza spika mpaka mkasi wangu unatetemeka mezani. "'Nimebisha mlangoni, Bwana, nimetoka mba...' Umesikia? Anapumua! Halafu ndio anamalizia 'li'. Mwalimu, huyo mtu ametoka mbali kweli. Lazima apumue."

"Neno haikatwi katikati," mwalimu humjibu. "Hiyo ni kosa. Wale wa kanda ya kwanza hawangefanya hivyo."

"Hiyo ni Roho, mwalimu."

"Ni kosa."

Kisha hunigeukia mimi, kwa sababu mlango wangu uko wazi na sina pa kujificha. "Mama, wewe unasemaje? Ni Roho ama ni kosa?"

Nami, pini zikiwa mdomoni, husema sijui mambo ya kwaya.

Sauti hiyo ni yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, nilikuwa nimetapika tangu alfajiri, na nilipofika kwenye neno hilo hewa iliniishia. Nimesikia pumzi yangu hiyo ikisifiwa na kulaumiwa kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye vinyozi, na nimechoka nayo. Ni uchovu kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutwa nzima, na kila akigeuka anakuta anaitwa mwingine.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Tulirekodi kwa siku mbili. Niliongoza wimbo ule mara moja tu. Mwalimu wa kwaya aliisikia ile pumzi, akakunja uso, akataka turudie. Umeme ukapotea. Uliporudi, kundi jingine lilikuwa limeshajipanga mlangoni na gitaa zao, zamu yetu imekwisha. Mwalimu wa kwaya akaangalia saa, akaniangalia mimi nilivyoegemea ukuta, akasema, "Wacha ikae hivyo. Nani atasikia?"

Miezi miwili baadaye tumbo likaonekana. Baba wa mtoto alikuwa ameshaenda zake, wala hana nafasi katika habari hii. Baraza la kanisa liliniita nikasimama mbele ya wazee wale wale niliokuwa nikiwaandalia chai siku za makambi ya kanisa, wakasema yaliyopaswa kusemwa, jina langu likafutwa kitabuni kwa muda. Ndiyo iliyokuwa kanuni, na niliijua. Aliye chini ya kanuni hasimami mbele ya watu. Nilifua sare yangu, nikaipiga pasi, nikaikunja, nikairudisha kwa mama aliyetunza sare za kwaya. Aliipokea bila kuniangalia usoni, ingawa alikuwa shangazi yangu.

Sasa, mtu asiyejua kwaya za huku lazima aelezwe jambo moja. Sauti na picha hazichukuliwi siku moja. Kwanza mnaingia studio mnaimba. Miezi mingine baadaye ndipo mnavaa sare, mnakwenda mahali pazuri, redio inawekwa chini kwenye nyasi, na mnafungua midomo kufuata kanda huku mkipeperusha mikono. Kwa hiyo siku waliyonitoa, mimi nilikuwa bado sijapigwa picha, lakini sauti yangu ilikuwa imeshaingia ndani. Wazee wakakaa tena kulijadili. Wengine walitaka wimbo uondolewe. Mwalimu wa kwaya akawaambia, "Sauti haionekani." Walifikiri, wakaona ni kweli. Hivyo ndivyo nilivyotengwa, na sauti yangu ikabaki mshiriki mwema.

Mbele wakamsimamisha rafiki yangu. Tulikuwa tukiimba soprano bega kwa bega tangu tukiwa wasichana, tukifanyia mazoezi njiani kwenda mtoni, na maneno yote ya wimbo ule aliyajua kuliko mimi. Picha zilichukuliwa upande wa Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai, kwa sababu yanapendeza kwenye video. Hawakujua, au walisahau, kwamba mlima wa ng'ambo ya bonde ulikuwa wa kwetu. Siku hiyo nilikuwa nachuma chai shambani kwa mama, kikapu mgongoni na tumbo mbele, niliposikia sauti yangu ikivuka bonde. Nikainua kichwa. Niliona magauni ya samawati yakitembea mistari mitatu mitatu, yakigeuka, yakirudi. Walirudia wimbo ule mara nne au tano, na kila mara nikaishiwa hewa mahali pale pale. Kisha nikaendelea kuchuma, maana gari la kubeba majani halimsubiri anayelia.

Baadaye niliiona video kwa jirani. Alipofika kwenye "mbali", rafiki yangu alipandisha mabega, akafungua mdomo, akapumua vizuri kuliko nilivyopumua mimi. Usingeweza kumshuku.

Kanda ile ilikwenda kila mahali. Rafiki yangu akawa hawezi kupita soko la Daraja Mbili bila kusimamishwa na mama wa ndizi anayetaka kumshika mkono. Hakuwahi kusema sauti ni yake. Hakuna aliyemuuliza. Nani humuuliza mtu anayemwona akiimba kama anaimba? Mimi nilirudi kanisani baada ya miaka miwili, nikabatizwa upya, nikachukua kiti cha nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyenikataza kwaya, na hakuna aliyenikaribisha. Ningerudi kuimba nini? Wimbo wangu ulikuwa umeshapata mwenyewe.

Nilimkasirikia kwa miaka kama saba hivi, tukisalimiana kwa ncha za vidole. Baada ya hapo niliacha. Hasira inataka mtu aliyelala vizuri, na mimi nilikuwa na mtoto wa kulea na cherehani ya kukanyaga.

Mtoto huyo, binti yangu, sikumwambia kitu. Alikua akijua kwamba nilimzaa kabla ya ndoa na kwamba ndoa yenyewe haikuja, hayo hayafichiki kijijini. La kanda sikumwambia. Nilijua swali atakalouliza, na sikutaka mtoto akue akifikiri kwamba kuja kwake duniani kulimtoa mama yake mahali. Kwa hiyo aliamini mama yake hapendi muziki. Nilikuwa nikizima redio wimbo ule ukianza, akacheka, akasema mimi ni mama wa ajabu. Alisoma, akawa muuguzi, akapata kazi na chumba huko Nyamira. Mwaka jana akajiunga na kwaya yetu ile ile.

Na mwaka huu kwaya ikaamua kuziimba upya nyimbo za kanda ya tatu. Kungekuwa na Sabato ya shukrani, nyimbo zile zile, magauni yale yale ya samawati. Magauni nishone mimi, nani mwingine.

Rafiki yangu alikuja kupimwa siku ya Jumatano. Siku hizi ni mke wa mzee wa kanisa, magoti yanamsumbua, na ndiye anayewafundisha soprano.

"Umenenepa," nikamwambia, nikizungusha futi kiunoni.

"Na wewe umekauka. Geuza huko futi yako."

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliowahi kuwa marafiki. Nilipofika mabegani akasema, bila kugeuka, "Ule wimbo siwezi kuongoza. Unajua."

"Najua."

"Nimepatia msichana wako."

Mkono wangu ukasimama. Yeye akaendelea haraka, kama mtu anayeogopa kunyamazishwa. "Amejifunza na kanda, kila kitu, mpaka ile pumzi. Nikimsikia nageuka kukutafuta. Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Dada yangu, mimi nimechoka. Kila harusi wananiambia, imba kidogo tu, mstari moja. Miaka yote hii nasema koo inaniuma." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ukitaka nisimame kanisani niseme, nitasema."

Nilitaka. Nisijifanye mtakatifu hapa. Nilitaka sana, nilitaka asimame na wale wazee waliobaki wakiwa wameketi mbele, na shangazi yangu akisikia. Nilikaa na futi mkononi nikiionja siku hiyo. Lakini akisema, watu watauliza kwa nini ilifanyika hivyo. Na binti yangu, akiwa amesimama pale mbele na gauni jipya, angesikia jibu la swali hilo kutoka kwa midomo ya watu.

"Usiseme," nikamwambia. "Wacha tuone."

Nikaandika mabega, inchi kumi na saba.

Binti yangu alikuja kujaribu gauni lake Jumapili iliyofuata. Wale wawili walikuwa benchini kama kawaida. Nilimsimamisha juu ya kigoda nipime upindo, nami nikapiga magoti chini, pini mdomoni. Alikuwa amechomeka kisikilizio kimoja sikioni, na akaanza kuufuata wimbo kwa sauti ya chini, tena bila kujua kama anaimba.

Sijui nilitegemea kusikia nini. Ilikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana, ilikuwa yenyewe, na mimi nipo chini nashika upindo wake. Alipofika kwenye "mba" akapumua, kisha akamalizia.

Fundi akapaza sauti kule nje, "Nani huyo? Mama, nani huyo ndani? Hiyo ni kanda ya tatu kabisa!" Mwalimu akamwambia angalau amngoje msichana amalize kabla ya kumharibu na sifa, wakaanza tena, wakaondoka wakibishana kwenda kunywa chai.

Binti yangu alifurahi. "Umesikia hiyo pumzi, Mama? Nimeifanyia mazoezi wiki tatu. Ni ngumu. Lazima umalize hewa yote kifuani kabla ufike hapo, ndio itoke kama yake."

Alikuwa anajikaba kwa makusudi. Mwanangu, mwenye mapafu mazima, alikuwa anajinyima hewa ili afanane na mtu mgonjwa aliyeegemea ukuta wa trei za mayai. Hilo ndilo nililoshindwa kulimeza.

"Acha hiyo pumzi," nikasema.

"Kwa nini? Si ndivyo aliimba?"

"Hakuimba hivyo. Aliishiwa."

"Umejuaje?"

Ningeweza kusema nimekisia. Nikatoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini. Nilizungumza nikiangalia upindo, kwa sababu uso wake usingeniacha nimalize. Nilimwambia ni mimi. Nikamwambia umeme ulivyopotea, na zamu yetu ilivyokwisha, na nani alisimama mbele siku ya picha, na kwamba mwenyewe hakuwahi kudai sauti ni yake. Nikamwambia mimba ilikuwa ya miezi minne.

Miguu yake haikusogea. Hakuuliza kwa nini nilimficha, swali ambalo nilikuwa na majibu yake mengi. Aliuliza lile jingine, lile nililolikimbia tangu azaliwe.

"Walikutoa kwa sababu yangu?"

"Walinitoa kwa sababu ya kanuni yao. Wewe hukufanya kitu." Nikatafuta la kuongeza, na lililokuja ndilo la kweli. "Ulitaka hewa kidogo, nikakupa. Basi."

Akashuka kigodani na pini zote zikiwa bado kwenye upindo, akaketi sakafuni kati ya vipande vya kitambaa cha samawati, akaweka kichwa begani kwangu. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka tu, uchovu mzuri wa kwanza baada ya miaka mingi. Baada ya muda mrefu akauliza, "Sasa pale nifanye nini?"

"Imba unavyoweza. Hiyo ni kazi yako, si yangu."

Sabato ya shukrani kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mwalimu alikuja kutoka Masimba. Fundi, ambaye si wa kanisa letu na Jumamosi huwa ana wateja, alifunga chumba akaja amevaa koti. Mimi nilikuwa kiti changu cha nyuma. Kwaya ikaingia mistari mitatu mitatu, na jambo la kwanza nililoona ni kwamba gauni moja la alto nililikata fupi upande mmoja. Rafiki yangu alisimama kando ya soprano zake. Binti yangu akatoka mbele, mahali ambapo sikuwahi kusimama.

Akaanza. Watu wakanyamaza kwa namna ile ya kusubiri, maana wote walijua wanasubiri nini. Nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. "Nimebisha mlangoni," akaimba, "Bwana, nimetoka mbali," na hakusimama popote. Neno lilitoka zima, akalishika, akaliacha liende mpaka likaisha lenyewe, na kifuani bado alikuwa na hewa ya mstari uliofuata.

Mimi ndiye niliyepumua. Nilivuta hewa kwa kishindo mahali pale pale, nisijue nafanya nini, hata mama aliyeketi karibu nami akaniuliza kama naumwa. Na kule mbele, kando ya soprano, niliona mabega ya rafiki yangu yakipanda na mdomo wake ukifunguka. Tulipumua pamoja, wanawake wawili wazima, kwa ajili ya msichana ambaye hakutuhitaji.

Jumapili walikuwa benchini mapema. Fundi alikuwa na huzuni ya mtu aliyefiwa.

"Ameharibu," alisema. "Sauti iko, sikatai. Lakini amepita pale kama hakuna kitu. Haiwezi fikia ile ya zamani."

"Mwishowe mtu ameimba neno yote," mwalimu akasema. "Tangu kanda ya kwanza sijasikia hivyo."

"Ile pumzi ilikuwa Roho."

"Ilikuwa kosa. Mama, hebu maliza hii maneno. Ilikuwa Roho ama ilikuwa kosa?"

Nilisimamisha cherehani. "Ilikuwa mimba," nikasema. "Ya miezi minne. Nilikuwa nimetapika asubuhi yote, na hewa ikaniishia."

Fundi alianza kucheka, kisha akanitazama, kicheko kikamwisha. Mwalimu alilikunja gazeti mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Fundi akaingia chumbani kwake, akauweka wimbo ule tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya chini, akarudi akaketi. Nikakanyaga cherehani. Wimbo ulipofika pale, hakuna aliyesema neno.